Mbavu Katika Sufuria ya Dada

Kabati la moshi nililinunua kwa Mwitaliano aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Ukikaa Malindi miaka ya kutosha, lazima siku moja utarithi kitu cha Mwitaliano: mashine ya kahawa, mbwa mzee, kitanda kisichopita mlangoni. Mimi niliangukiwa na kabati. Lina kimo cha friji ndogo, mlango wa kioo na nyavu nne ndani, na chini kabisa kuna waya wa umeme unaochoma vibanzi vya mti kwenye kisahani mpaka vitoe moshi bila kuwaka. Unageuza kitasa, unachagua joto, unaenda zako kusoma. Yule bwana alinieleza haya yote kwa Kiswahili kilicho bora kuliko cha wanafunzi wangu.

Mke wangu alilizunguka kabati akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hivyo umenunua friji inayopika."

"Haipiki. Inafukiza."

"Mamako alifukiza mahindi maisha yake yote, na sikumwona akitafuta soketi."

Alisema kweli. Kwetu, ndani ndani huko bara ya Kilifi, jiko la mama lilikuwa na uchaga juu ya mafiga, dari ya fito ambayo kila kilichowekwa juu yake kilipata moshi bila kuuomba. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kulipia moshi.

Nilianza na samaki. Vibanzi nilivipata kwa seremala aliyekuwa amekata mwembe, na nguru wa kwanza alitoka na rangi ya shaba, nyama yake ikiachana vipande vipande kwa kuguswa tu. Aliyemfurahia zaidi ni dada yangu. Dada ni mkubwa wangu na anaishi Dabaso, na ana desturi ya kuja kwetu, mtaa wa Barani hapa Malindi, Jumapili moja moja. Akija huvua buibui, hujifunga leso kiunoni, huenda jikoni moja kwa moja na kupika wali wa nazi yeye mwenyewe, kwa sababu anasema wali wangu ni uji uliokosa maji. Tulikula wali wake na nguru wangu, naye akasema hilo kabati lina akili kuliko mwenyewe.

Lazima niseme kuhusu sufuria, maana bila sufuria hakuna habari.

Dada aliolewa na Mwislamu akasilimu angali msichana. Sisi wengine tulibaki Wakristo, na baba yetu alibaki na mizimu yake pamoja na chuki kwa dini zote mbili kwa kiasi sawa. Baba alinuna. Mama hakununa. Mama alishuka Malindi mjini, akanunua sufuria mpya, pana, yenye mfuniko, akaipandisha juu ya uchaga na kuifunika kwa kitambaa. Hiyo ikawa sufuria ya dada. Haikutiwa kuku ambaye hakuchinjwa na Mwislamu, wala nyama ya porini ambayo wajomba waliileta usiku na kuiita mbuzi. Dada alipokuja na mumewe, jirani Mwislamu aliitwa kuja kuchinja, sufuria ikashushwa, na watu wote wakala chungu kimoja. Nyumba nyingi za kwetu zina kitu cha namna hii, na hakuna anayekizungumzia.

Yaani, hakuna isipokuwa mimi. Mama alipozidiwa na ugonjwa alinipa mimi ile sufuria, kwa kuwa kwangu ndiko dada angefikia. Alisema, "Nakupa uiweke. Sikupi uitumie." Nikaiweka juu ya kabati la jikoni, imefunikwa kitambaa kilekile. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu ambaye hawezi kuona kitu kizuri akakiacha kikae, niliandika makala gazetini kuihusu. Nilisema humo kwamba mtu akitaka kuielewa Pwani asisome hotuba za wanasiasa, atazame juu ya makabati ya jikoni. Nilieleza hata namna chombo kilichoguswa na nguruwe kinavyotwahirishwa, maosho saba na mojawapo kwa udongo. Watu walinipigia simu kunipongeza. Dada aliukata ukurasa ule akaubandika kwenye ukuta wa sebule yake, kando ya kalenda.

Sasa mbavu.

Ijumaa moja nilikuwa Mtwapa kwa shughuli za chuo, na nikiwa narudi nilipita kwenye bucha la nguruwe. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitazama video za wanaume wenye ndevu, wa nchi nyingine kabisa, wakifukiza mbavu kwenye makabati kama langu na kufumba macho wanapoonja. Nilinunua ubavu mzima, haukukatwa, maana wanaume wenye ndevu walisisitiza usikatwe. Niliufungia kwenye sanduku la barafu nikaendesha hadi Malindi kama mtu aliyebeba silaha.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwa mama yake Kilifi mpaka Jumapili. Nilibandua ule utando wa nyuma ya mbavu kwa kuushika na kitambaa kikavu, nikapaka haradali, nikanyunyiza sukari guru iliyosagwa, chumvi, pilipili manga, pilipili ya unga na kitunguu saumu. Ilibidi zilale na viungo usiku kucha. Nikatafuta chombo. Mabeseni yetu yote yalikuwa madogo, ubavu ulitokeza kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha mtoto. Nikainua macho, nikaiona ile pana, juu, chini ya kitambaa chake.

Ningependa kusema nilisahau ni ya nini. Sikusahau. Nilisimama pale nikiwa na mikono iliyopakaa haradali, nikajiambia kwamba dada haji mpaka Jumapili, kwamba mbavu zingefukizwa Jumamosi, kwamba sabuni ni sabuni. Nilijiambia pia kuwa najisi ni dhana ya kijamii. Hilo nililisema kwa sauti, peke yangu, jikoni. Halafu nikaishusha.

Jumamosi asubuhi nilizitundika mbavu kabatini, huko baraza ya nyuma linakokaa, nikaweka vibanzi vya mwembe, nikageuza kitasa, na moshi mwembamba wa buluu ukaanza kupita kwenye tundu la juu kama inavyotakiwa. Nilikaa barazani na kitabu ambacho sikukisoma. Mbavu za namna hii zinataka moto mdogo na saa nyingi. Ndipo, rangi ilipoanza tu kuingia, stima ikapotea. Taa ya kabati ikazimika, moshi ukageuka mweupe, kisha ukakoma. Mwitaliano hakuniambia chochote kuhusu hilo, labda kwao halitokei. Nilisubiri, nikasubiri tena, nikahofia zitaharibika. Basi nikazitoa, nikazirudisha kwenye sufuria ya dada, nikazizungushia barafu yote niliyokuwa nayo na kuitia ile sufuria ndani ya friji iliyozimika. Ndiyo maana haikuoshwa siku ile. Stima ilirudi jioni, nami nikaona bora niwashe upya asubuhi.

Kwa hiyo Jumapili mbavu zilikuwa kabatini kwa mara ya pili, sufuria ikawa barazani juu ya meza, nyekundu kwa viungo, mafuta yameganda pembeni. Nilikuwa nimekata kipande cha mwisho wa ubavu nikionja kama nyama imekaribia, nikasikia hodi.

Dada alikuwa amepata lifti ya mtu, akawahi.

"Hodi humu!"

Nilitoka mbio kupitia jikoni, nikaufunga nyuma yangu mlango wa baraza.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona wahema hivyo? Umefukuzwa na nyuki?"

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Wewe?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanusa. "Eh! Leo ni samaki gani? Hii si harufu ya nguru."

"Si samaki. Ni nyama tu."

"Nyama gani?"

"Ya wageni. Wanakuja jioni."

Hapakuwa na wageni. Hakuna mtu aliyeuliza kuhusu wageni. Lakini nilishawaalika, na sikujua jinsi ya kuwafukuza.

Dada alivua buibui, akajifunga leso, akaweka nazi yake mezani na kuingia jikoni. Nilimfuata. Akainua mkono juu ya kabati la jikoni, kama anavyofanya kila mara bila kutazama, na mkono ukarudi na kitambaa kitupu.

"Sufuria ya mayo iko wapi?" Sisi tukiwa wawili humwita mama kwa Kigiriama, mayo.

"Nimemwazima jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyu wa ng'ambo."

"Wa ng'ambo si yule mchungaji?"

"Ndiye."

"Umempa mchungaji sufuria yangu?"

"Alikuwa na harusi, dada. Ya ghafla."

"Harusi ya ghafla." Alinitazama kwa namna alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka sita, nikiwa na sukari mdomoni. "Basi nenda ukaichukue. Mwambie mwenyewe amekuja."

Nilikuwa nimekwishavaa ndala. Kwa hakika nilikuwa nakwenda kwa mchungaji, kumwomba sijui nini. Nilifika sebuleni tu, nikasikia lango la nyuma likifunguliwa. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka Kilifi, amepitia uani na mizigo yake, na sauti yake ikaingia jikoni kabla yake:

"We bwana! Mbona sufuria ya wifi iko barazani imejaa mafuta ya ngu..."

Alifungua mlango akamwona wifi yake.

Friji ilinguruma. Mke wangu akasema "Shikamoo, wifi" kwa sauti ya mtoto wa shule. Dada aliitikia vizuri kabisa, akampita, akaenda barazani. Nikamfuata kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Aliitazama sufuria bila kuigusa. Kisha akatazama kabati. Nimejiuliza mara nyingi mtu anayetengeneza kabati la nguruwe na kulitia mlango wa kioo na taa ndani alikuwa anafikiria nini. Mbavu zilikuwa zinang'aa mle kama vitu vya sonara.

"Ni yeye?" dada akauliza.

"Ni yeye," nikajibu.

Nilikurupuka. Nilichukua katani ya chuma na sabuni ya maji, nikaanza kuisugua ile sufuria palepale kwenye karo la nje kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia kwa chombo chochote cha nyumba hii. Dada akasema sabuni siyo. Nikasema najua, najua, saba na udongo. Na kisha, Mungu anisamehe, nikaendelea. Nikamwambia kuwa wapo wanazuoni wa madhehebu yake mwenyewe wanaoona kwamba kwa nguruwe kuosha mara moja kunatosha, kwamba hukumu ya saba asili yake ni ya mbwa, na nguruwe aliongezwa kwa kulinganishwa tu.

"Wanifundisha dini yangu," dada akasema polepole, "na mafuta yake yako kidevuni?"

Mke wangu aliingia ndani. Nilimsikia akikohoa, na najua kile hakikuwa kikohozi.

Nilijifuta kidevu. Dada alikwenda pembeni ya uwanja, akasukuma majani makavu kwa mguu, akachota udongo safi wa chini kwa kikombe na kunipa. Sufuria hakuigusa. Alisimama na jagi la maji, akawa anamimina kutoka mbali kidogo, mimi nimechuchumaa, na akahesabu kwa sauti kama tulivyokuwa tukihesabu mifugo utotoni.

"Zungusha. Mwaga. Moja. Tia udongo. Sugua, profesa, sugua, mpaka kwenye ukingo. Huko kwenye ukingo ndiko anakojificha. Mwaga. Mbili."

Mahali fulani katikati nilijaribu kuomba radhi, akaniambia nisipoteze hesabu. Kwenye tano akalisimamisha jagi.

"Unajua mayo hakuwa na sufuria kubwa yake mwenyewe?"

Sikujua. Au nilijua, maana nilikulia katika nyumba ile, lakini sikuwahi kulifikiria. Kwenye matanga na siku za kupikia vibarua wa shamba mama alikuwa akienda kuazima sufuria kubwa kwa majirani na kuirudisha imeoshwa, huku ile pana ikiwa juu ya uchaga, kavu, chini ya kitambaa chake. Katika makala yangu hilo halimo. Makala yangu ina maneno mengi kuhusu kuishi pamoja.

"Sita," akasema dada. "Mwaga."

Baada ya saba aliichukua, akaifuta kwa kitambaa safi ndani na nje, akaiinua kwenye mwanga. Ilimeta kama siku ilipotoka dukani.

"Imetwahirika," akasema.

Nilisimama, magoti yakilia. Nilikuwa na furaha ya kijinga ya mtu aliyedhani mtihani umekwisha.

"Basi nikuletee mchele?"

"Sina njaa."

Kila mtu wa Pwani anajua maana ya mgeni kusema hana njaa. Dada alikuwa ametoka Dabaso bila kula, kama anavyofanya kila anapokuja, ili wali umkute na nafasi.

"Dada, kabati nitalitupa. Leo hii."

"Ulitupe kwa nini? Wewe Mkristo, kula umtakaye. Huyo hajanikosea neno." Alitikisa kichwa kuelekea kwenye kioo. "Sufuria ina maji yake na udongo wake, tumeiosha, imekwisha. Ni yule mchungaji. Ulinitazama machoni ukanipa mchungaji, na harusi juu. Huyo sijui nimwoshe na nini."

Mke wangu alileta dafu lililokatwa, na dada akalinywa, kwa kuwa dafu halijaingia chombo cha mtu. Wakaongea habari za Kilifi na mguu wa mama mkwe wangu. Aliongea vizuri, hata akacheka. Kisha akavaa buibui, akachukua nazi yake, akaifunga sufuria pamoja na mfuniko wake ndani ya kile kitambaa cha mama.

"Nitakuwa nakuja nayo," akasema. "Usijali."

Nilitaka kumbebea mpaka kwenye tuktuk. Aliihamishia mkono wa pili, upande usio wangu, si kwa hasira, kama unavyohamisha kikombe cha chai mtoto anapokaribia. Tuktuk ikaondoka naye, sufuria mapajani.

Mbavu ziliiva alasiri. Nilizishika katikati kwa koleo nikazinyanyua, zikapinda na kupasuka juu kidogo, ambayo ndiyo dalili waliyoitaja wale wenye ndevu. Mfupa ulichomoka safi. Zilikuwa tamu. Ningefurahi kuandika kwamba zilinikwama kooni, lakini nilikula nyingi, nimekaa barazani peke yangu, na nililamba vidole. Mke wangu alikula moja, akasema zimekolea, kisha akasema, "Kesho uende Dabaso."

Nilikwenda. Nilinunua samaki wabichi sokoni, changu, kwa kuwa nilishaelewa kwamba chochote kilichopita kwenye kabati lile hakitaliwa tena naye. Dada alinipokea kama kawaida. Alinikaangia hao changu wangu mwenyewe, akanipakulia wali kwenye sahani yake, mlima mzima, akanisukumia pilipili ya embe, na nilipojaribu kusema kuhusu Jumapili akaniambia nile kwanza. Nikala. Juu ya kichwa cha shemeji yangu, kando ya kalenda, ulikuwa ule ukurasa wangu wa gazeti, umekunjamana pembeni kwa unyevu, picha yangu ikitabasamu. Nilikuwa nimetarajia atakuwa ameubandua. Ningepumua vizuri zaidi angeubandua.

"Shemeji, ongeza," mumewe akaniambia. "Au umeshiba maandishi?"

Ikiwa alijua, hakuonyesha. Ikiwa hakujua, basi dada hakumwambia, na hilo lilinichoma kuliko kama angeitangazia Dabaso nzima.

Jumapili kadhaa zilipita bila yeye kuja. Mara alikuwa na mgonjwa, mara na mgeni. Mke wangu alipika wali wa nazi nami nikala bila kuusifu wala kuulalamikia. Juu ya kabati la jikoni palibaki duara lisilo na vumbi, na hakuna mmoja wetu aliyeweka kitu hapo.

Kisha asubuhi moja nilisikia tuktuk ikisimama, nikatoka. Dada alikuwa nyuma, amekumbatia sufuria ndani ya kitambaa chake, na nazi mbili juu ya mfuniko. Dereva alikuwa anamtania.

"Mama, kwa ndugu yako hakuna hata sufuria?"

"Zipo," akamjibu. "Lakini yeye msomi, anazitumia kuandikia."

Dereva alicheka, ingawa sidhani kama alielewa. Nilisimama kando ya mlango wa tuktuk bila kujua mikono yangu niiweke wapi. Ili ashuke ilibidi ashike nguzo, na kushika nguzo na sufuria pamoja hakuwezekani. Alinitazama. Akatazama mikono yangu.

"Umenawa?"

Nilikuwa nimenawa. Nilikuwa nimeoga, nimepiga mswaki, na kabati lilikuwa halijawashwa tangu siku ile. Dereva alikuwa akitusubiri sote wawili, mguu wake ukichezacheza.

"Nakuja," nikasema, nikarudi ndani kunawa.